Maambukizi ya sainasi: hesabu siku kabla ya kununua dawa

Mafua yamekushika siku kadhaa, pua imeziba, mashavu yanauma ukiinama kufunga kamba za viatu, na sasa makamasi yamegeuka kijani. Wengi wakifika hapo hukimbilia duka la dawa kuomba antibayotiki. Mwongozo huu ni wa saa hiyo hasa. Wengi wetu antibayotiki haitatufaa kitu, kwa sababu kinachotusumbua ni virusi. Wapo wachache wanaoihitaji kweli. Na wapo wachache zaidi ambao kusubiri nyumbani hata hadi kesho ni kuhatarisha jicho au ubongo. Rangi ya kamasi haikwambii uko kundi gani. Kitakachokuonyesha ni idadi ya siku, mwelekeo wa ugonjwa, na dalili chache za hatari. Tuanze na hizo za hatari, maana hazina subira.

Dalili za kwenda hospitali leo hii

Nenda sasa, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya wakati una mafua au maambukizi ya sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso:

- kope au eneo la jicho limevimba na kuwa jekundu, jicho limetokeza nje, linauma likigeuka, unaona vitu viwili viwili, au uwezo wa kuona umepungua;
- kichwa kinauma vikali kuliko ulivyozoea, hasa pamoja na kutapika, shingo kukakamaa, au mwanga kukuumiza macho;
- mgonjwa amechanganyikiwa, anasinzia kupita kiasi, au amepata degedege;
- paji la uso limetokeza uvimbe laini unaouma;
- homa kali haishuki na hali inazidi kuwa mbaya.

Sababu ni ukaribu wa viungo. Ukuta wa mfupa unaotenganisha sainasi na jicho ni mwembamba mno, na ubongo uko jirani tu. Usaha ukivuka hapo, ugonjwa si wa pua tena.

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, au ambaye kinga yake imeshuka kwa sababu nyingine yoyote, aongeze dalili hizi: upande mmoja wa uso kufa ganzi, ngozi ya uso kubadilika rangi, au magamba meusi ndani ya pua au kwenye kaakaa. Hiyo yaweza kuwa fangasi inayokula tishu kwa kasi, mukomaikosisi, ambayo mwaka 2021 iliwashika maelfu ya watu nchini India waliokuwa wakiugua au wametoka kuugua UVIKO-19. Hapo saa zinahesabika.

Kinachotokea ndani ya uso

Mifupa ya uso ina vyumba vya hewa, jozi nne: vikubwa ndani ya mashavu, vingine juu ya nyusi, vidogo vidogo vingi katikati ya macho, na jozi ya mwisho imejificha ndani kabisa nyuma ya pua. Vyote vimefunikwa kwa utando unaotoa ute, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho husukuma ute huo utoke kupitia vijitundu vidogo vinavyofungukia puani. Kwenye shavu kijitundu hicho kiko juu, karibu na dari ya chumba, kwa hiyo ute hauwezi kushuka wenyewe ukiwa umesimama, lazima upandishwe. Mafua yakivimbisha utando, kijitundu huziba, vinyweleo huchoka, na ute hubaki ndani ukituama. Ndipo shinikizo na maumivu yanapokuja. Bakteria ambao kwa kawaida huishi puani bila kumdhuru mtu wakipata nafasi kwenye ute huo uliotuama, huongezeka.

Lakini sainasi kujaa peke yake si ushahidi wa bakteria. Mwaka 1994 watafiti nchini Marekani waliwapiga picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili kwa vipande) watu 31 wenye mafua ya kawaida tu, na 27 kati yao walikutwa sainasi za mashavu zimeathirika. Baadhi yao walipopigwa picha tena wiki mbili baadaye, wengi wa hao walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa bila antibayotiki yoyote. Ndiyo maana mtu mwenye mafua ya siku nne hana haja ya eksirei ya sainasi. Picha itaonyesha zimejaa, jambo ambalo tungelitarajia, na haitasema kama ni virusi au bakteria.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni sainasi

Dalili mbili ndizo nguzo: pua kuziba, na makamasi mazito yanayotoka mbele au kuteremka nyuma ya koo. Juu ya hizo huja maumivu au uzito wa uso, kunusa kupungua, kikohozi kinachozidi usiku, meno ya juu kuuma, masikio kuziba na uchovu. Kama pua ni safi na inapitisha hewa vizuri, basi maumivu ya kichwa uliyo nayo, hata yakiwa kwenye paji la uso, huenda hayatoki kwenye sainasi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoteza miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwachunguza watu 2,991 waliojitambua au kuambiwa na daktari kwamba wana maumivu ya kichwa ya sainasi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso. Kipandauso huweza kuuma mashavuni na kuzunguka macho, na huweza hata kuleta machozi na pua kutoa maji, kwa hiyo ni rahisi kudanganyika. Kama maumivu yako huja na kuondoka, hudumu saa kadhaa hadi siku tatu, yanapigapiga, yanakufanya utake chumba chenye giza na utulivu, na yanakuja na kichefuchefu, zungumza na daktari kuhusu kipandauso. Kina dawa zake, na antibayotiki si mojawapo.

Matatizo mengine yanayofanana na sainasi:

Aleji huleta kuwashwa pua na macho, chafya za mfululizo na maji mepesi, bila homa. Huzidi penye vumbi, wanyama, au msimu fulani. Jino lililooza la juu linaweza kuambukiza sainasi ya shavu iliyo juu yake, na alama yake ni upande mmoja tu, harufu mbaya na ladha chafu mdomoni. Hapo bila daktari wa meno hutapona, hata ukimeza dawa gani. Mtoto mdogo anayetoka uchafu wenye harufu kwenye tundu moja la pua, angaliwe kwanza kama alijiingiza shanga, mbegu au kipande cha sifongo. Ikiwa ni betri ndogo ya duara, hiyo ni dharura, kwa maana huunguza tishu ndani ya saa chache. Na kama baada ya kuumia kichwa tundu moja la pua linadondosha maji mepesi yasiyo na rangi kila unapoinama, usiyachukulie kama mafua. Yanaweza kuwa maji ya ubongo.

Hatua ya pili: hesabu siku

Andika tarehe mafua yalipoanza. Watu wengi hukosea kwa kuhesabu tangu siku uso ulipoanza kuuma, kumbe mafua yalitangulia siku nne nyuma. Mafua ya virusi kwa kawaida hufikia kilele siku ya tatu hadi ya sita kisha huanza kulegea, ingawa kikohozi na kamasi huweza kukawia wiki mbili na hata zaidi. Katikati ya safari hiyo makamasi hugeuka manjano kisha kijani. Rangi hiyo inatokana na seli nyeupe za damu zinazopigana, na hupigana na virusi kama zinavyopigana na bakteria.

Sasa tazama safari yako inafuata njia ipi. Bakteria hushukiwa katika hali tatu:

1. Siku 10 zimepita tangu mafua yaanze na hujapata nafuu yoyote.
2. Ulianza kupata nafuu, halafu karibu na siku ya tano au ya sita ukarudi nyuma: homa mpya, kichwa kuuma, makamasi kuongezeka.
3. Tangu mwanzo ugonjwa ulikuja kwa nguvu: homa ya nyuzi joto 39 au zaidi pamoja na makamasi ya usaha au maumivu ya uso, kwa siku tatu hadi nne mfululizo.

Kwa watu wazima, ni takriban mafua mawili tu katika kila mia, au chini ya hapo, yanayoishia kwenye sainasi ya bakteria. Kama hauko katika hali hizo tatu, endelea na hatua inayofuata na uipe siku zake. Ukiwa katika mojawapo, bado fanya hatua inayofuata, lakini panga kumwona daktari.

Hatua ya tatu: jitibu nyumbani

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huifanya vibaya au kwa maji yasiyo salama. Huondoa makamasi mazito, hulainisha utando na kusaidia vijitundu vifunguke.

Maji kwanza. Usitumie maji ya bomba, kisima au mto moja kwa moja, hata kama unayanywa kila siku bila shida. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri ambaye akimezwa hana madhara, lakini akipandishwa puani huweza kupenya hadi kwenye ubongo, na karibu kila anayempata hufa. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Tukio la namna hiyo ni nadra sana, ila kulizuia ni rahisi: chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, yaache yatokote dakika moja kamili, au dakika tatu kama unaishi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Yafunike yapoe hadi yawe vuguvugu. Maji yaliyokenekwa (“distilled”) au yaliyotakaswa kwa matumizi ya hospitali nayo yanafaa.

Chumvi: kwa nusu lita ya maji, weka robo tatu ya kijiko kidogo cha chai, kilichosawazishwa juu. Hiyo ni kama gramu nne na nusu, inayokaribia uchumvi wa damu yako. Tafuta chumvi isiyoongezwa madini joto ukiweza, kwani hayo huwachoma baadhi ya watu. Pua ikiwasha sana, punguza chumvi kidogo. Usiache chumvi kabisa: maji matupu ndiyo yanayouma zaidi.

Kisha nawa mikono. Tumia chupa laini ya kubinya, birika dogo lenye mdomo mwembamba, au bomba la sindano kubwa lililotolewa sindano yake. Inama mbele ya sinki, geuza kichwa pembeni, fungua mdomo upumue kupitia huko, halafu mimina taratibu kwenye tundu la juu. Maji yatatokea tundu la chini, na mengine mdomoni; yateme. Nusu kikombe kila upande inatosha. Badili upande. Mwisho penga polepole, tundu moja baada ya jingine. Kupenga kwa nguvu huku umebana pua zote mbili husukuma makamasi yarudi ndani ya sainasi, na wakati mwingine yaingie sikioni. Fanya mara moja au mbili kwa siku, lakini si dakika ya kwenda kulala, maana maji yaliyosalia hutiririka kooni. Kama pua imeziba kabisa na maji hayapiti, usilazimishe. Sikio likiuma, acha. Maji yaliyobaki yamwage baada ya saa 24, na chombo ukioshe na kukikausha.

Maumivu na homa: parasetamoli kwa mtu mzima ni miligramu 500 hadi 1,000 kwa wakati mmoja, ukiacha saa nne hadi sita katikati, na usipite gramu 4 kwa siku nzima. Angalia dawa nyingine za mafua unazotumia, kwani nyingi tayari zina parasetamoli ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kipimo chake. Ibuprofeni miligramu 200 hadi 400 pamoja na chakula husaidia pia, ila iepukwe na wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, na wajawazito kuanzia wiki ya 20. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16.

Dawa za kupuliza za kuzibua pua, kama zile zenye oksimetazolini au zailometazolini, hufungua pua ndani ya dakika. Utamu wake ndio mtego wake. Ukipitisha siku tatu hadi tano, pua huanza kuvimba kila dawa inapoisha nguvu, unapuliza tena, inavimba tena, na wapo watu wanaobaki katika mzunguko huo kwa miaka. Weka ukomo wa siku tatu kabla hata hujafungua chupa. Vidonge vya kuzibua pua navyo hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye presha asivitumie bila kuuliza.

Dawa za kupuliza zenye steroidi, mfano flutikasoni, mometasoni au budesonidi, ni kitu tofauti kabisa. Hazizibui papo hapo. Hupunguza uvimbe taratibu kwa siku na wiki, na hazileti mzunguko ule. Wenye aleji hunufaika zaidi. Osha pua kwanza, kisha inamisha kichwa kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia unapopuliza tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili dawa ielekee upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati ya pua. Ukuta huo ukipigwa na dawa kila siku hukauka na kutoa damu. Vuta hewa kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu dawa yote inaishia kooni.

Dawa za aleji za kumeza zina maana kama una aleji. Bila aleji, zile za zamani zinazoleta usingizi hukausha ute na kuufanya mzito zaidi.

Kujifukiza nakutajia kwa tahadhari. Mvuke hutuliza kwa muda, lakini hauui wadudu wala hauponyi sainasi, na sufuria la maji yanayotokota chini ya shuka limewaunguza watu wengi, hasa watoto. Bafu yenye maji ya moto yanayotiririka, au kitambaa cha vuguvugu usoni, vinatoa nafuu ileile. Zaidi ya hapo kunywa maji ya kutosha, inua kichwa kwa mto wa ziada usiku, na ukae mbali na moshi wa kila aina. Sigara hudhoofisha vile vinyweleo vinavyosukuma ute, kwa hiyo mvutaji hukawia kupona.

Hatua ya nne: kwa daktari

Nenda na tarehe yako iliyoandikwa. Mwambie mafua yalianza lini, kama kulikuwa na nafuu kisha kurudi nyuma, homa ilifika wapi, dawa ulizotumia, magonjwa mengine, ujauzito kama upo, na aleji yoyote ya dawa, hasa penisilini. Maelezo hayo ndiyo yanayomsaidia kuliko kipimo chochote.

Hata ukiwa umefikisha siku 10, daktari anaweza kukushauri usubiri siku chache zaidi chini ya uangalizi. Usihisi umepuuzwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja umeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wazima hupona ndani ya wiki moja bila antibayotiki, na katika kila 100 wanaopewa, ni 5 hadi 11 tu wa ziada wanaopona mapema kwa sababu yake. Wakati huohuo dawa huleta kuharisha, vipele na fangasi sehemu za siri, na kila matumizi yasiyo ya lazima huwazoesha bakteria, ili siku unayoihitaji kweli isifanye kazi.

Ikionekana inahitajika, mara nyingi chaguo la kwanza ni amoksilini, peke yake au pamoja na klavulaneti, kwa siku 5 hadi 10. Mwenye aleji ya penisilini hupewa nyingine, kwa mfano doksisaiklini, ambayo haifai kwa mjamzito. Azithromaisini, ambayo wengi huiomba kwa sababu ni siku tatu tu, si chaguo zuri hapa: bakteria wengi wa sainasi wameizoea. Tumia dawa kama ulivyoandikiwa, usimgawie mtu, na usianze na mabaki ya mwaka jana. Nafuu itarajie ndani ya siku tatu hadi tano. Ukiona hali inazidi, au siku hizo zimepita bila badiliko, rudi, kwani dawa au utambuzi vinahitaji kuangaliwa upya.

Mtoto mgonjwa

Watoto hupata mafua mara nyingi mno kwa mwaka, na mafua mawili yakifuatana huonekana kama ugonjwa mmoja usiokwisha. Muulize aliye naye mchana kutwa: je, kulikuwa na siku mbili tatu za kupumua vizuri katikati? Kama zilikuwepo, hesabu yaanza upya. Mtoto mdogo halalamiki uso. Utaona kikohozi cha mchana na usiku, harufu mbaya ya pumzi, hasira na kukosa hamu ya kula. Sainasi za paji la uso huwa bado hazijakua vya kutosha katika miaka ya mwanzo. Matone ya maji ya chumvi na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake ndiyo msingi. Dawa za mafua za mchanganyiko na za kuzibua pua asipewe aliye chini ya miaka 6. Na kope ikivimba kwa mtoto mwenye mafua, usisubiri asubuhi.

Ikipita wiki 12

Dalili zikidumu wiki 12 au zaidi, au sainasi ikikurudia mara nne au zaidi kwa mwaka huku ukipona kabisa katikati, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Hapo tatizo mara nyingi si mdudu anayengoja antibayotiki kali zaidi. Ni uvimbe wa muda mrefu, na unatafutiwa chanzo: aleji, vinyama vya puani viitwavyo polipu, ukuta wa pua uliopinda, jino, au kinga dhaifu. Daktari ataingiza kamera nyembamba puani, na sasa picha ya CT ina kazi. Mwenye pumu aseme wazi, hasa kama kifua hubana akimeza aspirini au ibuprofeni, kwa kuwa pumu, polipu na dawa hizo huenda pamoja kwa baadhi ya watu, na kidonge kimoja kinaweza kumletea shambulio kali.

Matibabu ya hatua hii ni kuosha pua kila siku na steroidi ya kupuliza kwa miezi, bila kuruka. Wengi hukata tamaa wiki ya pili kwa sababu hawaoni tofauti, ilhali dawa ndiyo kwanza inaanza kazi. Isiposaidia, upasuaji wa kamera kupitia tundu za pua hupanua vijitundu na kuondoa polipu, bila kovu usoni. Uliza mapema utakavyotunza pua baada yake: maji ya chumvi na dawa ya kupuliza huendelea, kwani polipu zina tabia ya kurudi, na upasuaji huifungulia dawa njia ya kufika kule ambako awali haikufika.